MITO INAYOSHIKA KUTU

Msumari ukiuacha nje kwenye mvua hushika kutu. Bati la jikoni hushika kutu, baiskeli hushika kutu, hata kufuli ya lango la shule yetu imeshika kutu hadi bawabu huifungua kwa kuipiga jiwe. Hayo si mageni. Lakini je, umewahi kusikia mto mzima ukishika kutu?

Usicheke. Mito hiyo ipo. Iko mbali nasi, kaskazini kabisa mwa Alaska, jimbo la Marekani linalokaribia kilele cha dunia. Huko kuna safu ya milima iitwayo Brooks, iliyonyooka kwa takriban kilomita 1,000, yaani kama kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Katika sehemu kubwa ya milima hiyo hakuna kiwanda, hakuna shamba la kunyunyiziwa dawa, hakuna hata barabara. Mto mmojawapo, uitwao Salmon, ulisifiwa sana kwa maji yake maangavu, na mwaka wa 1980 serikali ya Marekani iliutia katika orodha ya mito ya kulindwa ibaki jinsi ilivyoumbwa. Basi katika majira ya joto ya mwaka wa 2019 mto huo ukageuka rangi ya machungwa. Na haukuwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, ulioongozwa na Jonathon O'Donnell wa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, ulihesabu mito na vijito 75 vilivyobadilika rangi katika safu hiyo ya milima.

Nani aliyeichafua? Hapo ndipo palinifanya nikose usingizi. Mimi nimezoea kwamba mto ukichafuka, unafuata ukingo kuelekea juu hadi unakuta bomba la mtu. Huku ukifuata ukingo kuelekea juu unakuta mlima tu.

Jambo hili nililianza kwa sababu ya somo la Kemia. Sisi wa kidato cha tatu tunaisoma salfa mwaka huu, na mwalimu wetu alitueleza kwamba asidi ya salfuriki yaweza kutengenezwa na jiwe bila ya mtu kugusa kitu. Wenzangu waliandika wakafunga daftari. Mimi, kidudumtu, nikaanza kuuliza jiwe gani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichopata. Ninayoyaandika humu ndiyo niliyoyaelewa, na nitajaribu kuyaeleza kwa vitu tunavyovijua sote, maana Kemia ikielezwa kwa Kemia peke yake humfukuza mtu.

Tuanze na jiwe lenyewe. Linaitwa sheli. Sheli ni tope lililogeuka mwamba. Mamilioni ya miaka iliyopita tope laini lilitua chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, likagandamizwa na uzito wa yaliyofuata mpaka likawa jiwe. Ndiyo maana sheli ukiigonga hubanduka vipande vyembamba kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa kikakauka. Zipo sheli za rangi nyingi, lakini ile ya kuogopwa ni nyeusi.

Kwa nini ni nyeusi? Wale waliowahi kufika Pwani wakaingia kwenye mikoko wakati wa maji kupwa watanielewa haraka. Ukitia mguu kwenye lile tope, juu ni la kijivu, ndani ni jeusi tititi, na linatoa harufu ya yai viza. Ndani ya tope hilo hakuna hewa. Majani na wadudu waliokufa hawaozi vizuri, na bakteria wanaoishi humo hupumua kwa njia nyingine: huichukua salfa iliyomo ndani ya maji ya bahari wakatoa gesi ile inayonuka. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni hupatikana madini ya chuma na salfa, na baada ya muda hutokea madini yaitwayo pairaiti. Sheli nyeusi ni tope la namna hiyo hiyo, ila ni la kale sana na limekuwa jiwe.

Pairaiti huwa ya rangi ya dhahabu. Chembe zake zikiwa kubwa hung'aa hadi wachimbaji wamewahi kushangilia bure. Vyote ving'aavyo si dhahabu, walisema wahenga, na nadhani waliwaona wachimbaji hao. Lakini ndani ya sheli chembe za pairaiti aghalabu ni ndogo mno, hazionekani bila darubini. Udogo huo ndio hatari. Chukua sukari nguru bonge zima na sukari ya kawaida uzani ule ule, uzitie katika vikombe viwili vya chai. Ipi itayeyuka kwanza? Jiwe lenye chembe ndogo lina sehemu nyingi za kuguswa na hewa na maji, kwa hiyo huanza kazi mapema.

Kazi gani? Pairaiti ikikaa bila hewa ni mpole kama kondoo. Itakaa miaka milioni mia bila neno. Ikiguswa na maji pamoja na oksijeni, inavunjika. Chuma kinatoka upande wake, salfa inatoka upande wake, na salfa hiyo inageuka asidi ya salfuriki, ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Haiishii hapo. Chuma kilichotoka, kikishapata oksijeni zaidi, kinarudi kuishambulia pairaiti iliyobaki, tena kwa kasi kuliko hewa ilivyoishambulia. Halafu wapo bakteria ambao chakula chao ni chuma hicho hicho, na wanaiharakisha shughuli mara nyingi sana. Yaani jiwe likishaanza kujila linapata njaa zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asidi hiyo sasa inateremka ndani ya mwamba, na humo mnakaa madini mengine: zinki, nikeli, shaba, kadimiamu, alumini. Katika maji ya kawaida madini hayo hayatoki kwa wingi. Katika asidi yanatoka. Ukitaka ushahidi usiende maabarani, nenda jikoni. Mama akipika kitu chenye ukwaju au ndimu nyingi ndani ya sufuria ya alumini iliyopoteza rangi, sufuria hutoka inameremeta kwa ndani, utadhani imesuguliwa kwa majivu. Haikusuguliwa, imelambwa. Kiasi kidogo cha alumini kimeingia kwenye mchuzi. Mlima wa sheli ni sufuria kubwa, na mchuzi wake ni mto.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wengi hulisahau. Si kila mlima wenye pairaiti hutoa asidi. Pakiwa na mawe ya chokaa karibu, chokaa huituliza asidi kama vile dawa ya kiungulia inavyotuliza tumbo. Milima ya Brooks ina chokaa nyingi pia, na ndiyo sababu mito yake kwa kawaida ina pH ya karibu 8, maji mazuri kabisa. Kila bonde basi ni mashindano kati ya sheli na chokaa. Mahali sheli iliposhinda, watafiti walipima maji ya vijito fulani wakapata pH ya 2.3. Tulifundishwa kidato cha kwanza kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi. Nilipiga hesabu: kutoka 8 hadi 2.3 ni kama mara 500,000. Hayo si maji ya mto tena, kwa ukali yanakaribiana na maji ya ndimu.

Sasa swali la maana. Sheli hiyo imekuwa pale tangu na tangu. Kwa nini ichachuke leo?

Jibu ni barafu. Huko kaskazini ardhi yenyewe imeganda, si juu tu kwenye theluji bali chini, udongo na mawe na maji yaliyomo kwenye nyufa. Wataalamu huihesabu ardhi kuwa ya namna hiyo ikiwa haikupanda juu ya nyuzi 0 za Selsiasi kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, lakini sehemu nyingi zimeganda kwa maelfu ya miaka. Juu kidogo pana tabaka linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena. Chini yake pamefungwa. Maji hayapiti, hewa haipiti, pairaiti imelala.

Hebu fikiria friji ya kugandishia pale buchani. Nyama ikiwa ndani haina neno, waweza kuisahau hata miezi. Stima ikipotea siku tatu, kama inavyotupotea sisi kila mvua ikinyesha, utaijua nyama ile kabla hujafungua mlango. Nyama haikuletwa mpya. Ilikuwa humo humo. Basi eneo la Aktiki, tangu mwaka wa 1979, limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Friji ile stima inakatika. Tabaka linaloyeyuka linazama chini zaidi kila mwaka wa joto, na maji yenye oksijeni yanafika kwenye sheli ambayo hayajaifikia kwa muda mrefu mno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watafiti walipozirudia picha za setilaiti za miaka ya nyuma waliona mabadiliko ya rangi yakianza karibu mwaka wa 2008 katika baadhi ya mito, kisha yakaongezeka sana mwaka wa 2017 na 2018, miaka iliyokuwa ya joto huko.

Kabla sijaendelea, niwe mwadilifu. Si kila maji mekundu ya kaskazini yametokana na sheli. Vinamasi vilivyoyeyuka navyo hutoa chuma, kwa sababu kuna bakteria wanaokitoa kwenye udongo usio na hewa, na chuma hicho kikifika mtoni hushika kutu vilevile bila asidi yoyote. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Inabidi upime asidi na salfeti ndani ya maji: salfeti ikiwa nyingi, basi pairaiti imeshiriki. Utafiti wa 2024 ulizitaja njia zote mbili.

Watu hudhani kwamba baridi huizuia asidi. Hata mimi ningedhani hivyo, maana tumesoma kwamba joto huharakisha mabadiliko ya kikemikali. Ni kweli, baridi huipunguza kasi. Lakini baridi ina mikono miwili, mmoja unazuia na mwingine unasaidia. Maji yakiingia kwenye ufa wa jiwe yakaganda, hutanuka na kuupasua ufa ule. Sheli, ambayo tayari ni kurasa kurasa, hupasuka vibaya sana. Kila mpasuko unafunua uso mpya ambao haujaguswa na hewa. Tena pairaiti ikivunjika hutoa joto lake yenyewe, na wapo bakteria wa chuma wanaofanya kazi hata kwenye maji baridi ya kuumiza vidole.

Na kuna hila nyingine ambayo imenifurahisha kuliko zote. Mnazijua zile barafu za juisi zinazouzwa kwenye vikaratasi vya plastiki nje ya shule? Ukiianza kuifyonza, mfyonzo wa kwanza ni mtamu wa kutisha na una rangi nzito. Ukifika mwisho umebaki na barafu nyeupe isiyo na ladha, unaitupa. Sababu ni kwamba maji yakiganda huyasukuma nje yaliyoyeyushwa ndani yake, na yale yaliyosukumwa ndiyo ya kwanza kuyeyuka. Mlima nao ni hivyo hivyo. Wakati wa baridi kali chumvi za asidi na madini hujikusanya katika mawe na nyufa. Theluji inapoanza kuyeyuka, maji ya kwanza kabisa huzoa mkusanyiko huo wote kwa pamoja. Kwa siku chache mto hupokea ukali uliokuwa utawanyike kwa miezi. Anayekuja kupima baada ya hapo, maji yakiwa mengi, hukuta mambo yametulia akaandika kwamba hali si mbaya.

Nije kwenye rangi, maana rangi nayo inadanganya. Mtu akiona mto wa rangi ya machungwa hushtuka, kisha akipanda juu kidogo akakuta kijito safi kama kioo, husema afadhali. La hasha! Chuma kikiwa ndani ya asidi kali kimeyeyuka na huenda kisionekane kabisa. Zinki haina rangi, kadimiamu haina rangi. Kijito kile safi chaweza kuwa ndicho chenye sumu zaidi. Kikishateremka kikakutana na mto mkubwa wenye chokaa, asidi hupoa, na hapo ndipo chuma hushindwa kubaki kimeyeyuka kikadondoka kama kutu. Pengine alumini nayo hudondoka na kuyapaka mawe rangi nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo kutu ni ishara kwamba mambo yameanza kutulizwa, lakini hiyo kutu yenyewe ina balaa yake.

Balaa hiyo ni hii. Samoni hawatagi mayai majini hivi hivi. Jike huchimba kokoto za chini ya mto kwa mkia, akatia mayai, akayafukia. Mayai hukaa humo wakati wote wa baridi, na maji yanayopita katikati ya kokoto ndiyo huyaletea oksijeni. Kutu laini kama unga wa wimbi ikijaa katikati ya kokoto, maji hayapiti. Wadudu wadogo wa majini wanaokula ukoga wa mawe nao hukosa pa kushika, na samaki wachanga wanaokula wadudu hao hukosa chakula. Katika kijito kimoja cha mto Akillik, ndani ya hifadhi ya Kobuk, watafiti waliona jambo hilo waziwazi: kati ya mwaka wa 2017 na 2018 maji yaligeuka rangi, na samaki wakatoweka. Walikuwapo Dolly Varden wachanga, ambao ni jamii moja na trauti wa mito ya Mlima Kenya, na visamaki vingine vya chini ya mawe. Kisha hawakuwapo.

Hayo yangekuwa habari ya samaki tu kama huko kungekuwa hakuna watu. Wapo. Wainupiat, wenyeji wa pande hizo, wanaishi katika vijiji vidogo kandokando ya mito kama Kobuk na Noatak na pwani yake. Dukani kwao bidhaa huletwa kwa ndege au kwa meli na bei yake hailiki, kwa hiyo samaki si kitoweo cha Jumapili, ni chakula cha mwaka: huvuliwa, hupasuliwa, huanikwa, huwekwa. Kijiji cha Kivalina huchota maji yake ya kunywa kutoka mto Wulik, unaotoka kwenye milima hiyo hiyo. Utafiti mwingine wa mto Salmon, uliochapishwa mwaka wa 2025, ulipata kwamba madini yamepita kiwango ambacho viumbe wa majini wanaweza kukistahimili. Wakati huohuo watafiti walisema kwamba nyama ya samaki inayoliwa haijafikia kiwango cha kumdhuru mtu. Naliandika hili kwa makusudi, maana ni rahisi kutia chumvi katika habari ya namna hii. Hatari iliyopo si kwamba mtu atakula samaki afe. Ni kwamba atatega nyavu asipate.

Mwenzangu tunayekaa naye dawati moja alisoma mpaka hapa akaniuliza, "Sasa si wamwage tu chokaa mtoni?" Ni swali zuri kuliko anavyodhani. Chokaa ndiyo dawa inayotumika duniani kote kwa maji ya aina hii. Lakini kutumia dawa kunataka mahali pa kuitilia: bomba moja, bwawa moja, mtambo mmoja, na mtu wa kulipa. Mgodi una hayo yote. Mlima hauna. Mito 75 isiyo na barabara, kila mmoja ukipokea chemichemi kutoka pande kumi, utaitilia wapi? Kwa ndege?

Tukitazama pale ambapo binadamu mwenyewe ndiye aliyeifunua sheli, tofauti inaonekana. Kule Kanada, katika kisiwa cha Baffin, palikuwa na mgodi wa zinki na risasi ulioitwa Nanisivik. Ulifunguliwa mwaka wa 1976 ukafungwa mwaka wa 2002. Masalio yake yalikuwa yamejaa pairaiti. Walichofanya ni kuyafunika kwa tabaka nene la mawe ya sheli isiyo na madhara pamoja na kokoto, lipite mita moja, ili baridi ya ardhi ipande kutoka chini iyagandishe masalio yote yabaki yameganda. Yaani waliirudisha nyama ndani ya friji. Ni werevu kweli, na sioni kosa katika hesabu yao. Ila dawa hiyo yote imeegemea baridi, na baridi ndiyo inayopungua.

Kuna na watu waliofaidika na ukali huu, jamani, tusiwasahau. Huko Skandinavia kuna sheli nyeusi ya kale, ya kama miaka milioni 500, na jina lake kwa lugha zao maana yake ni sheli ya shabu. Shabu ninayoisema ni ile ile tuijuayo, kijiwe cheupe cha kusafishia maji machafu ya kisima, na ambacho vinyozi wengine hukipitisha kidevuni. Pale Andrarum, kusini mwa Sweden, waliitengeneza tangu mwaka wa 1637 hadi 1912. Waliichoma sheli kwa malundo, wakaimwagia maji, na asidi iliyotokana na pairaiti ikaitoa alumini ndani ya mawe. Wakaongeza potashi, wakachemsha, shabu ikaganda. Nguo zilitiwa rangi kwa hiyo na ngozi zikalainishwa. Kilichotendeka katika birika za Andrarum kwa miaka karibu mia tatu ndicho kinachotendeka leo milimani Alaska, isipokuwa hakuna anayeteka kitu. Sheli hiyo hiyo iko chini ya mji wa Oslo, Norway. Anayechimba msingi wa nyumba huko akaikuta hawezi kuimwaga anapotaka. Huipeleka mahali maalumu, kwa sababu ikipata hewa hutoa asidi, tena huvimba ikainua sakafu. Huko kuna sheria, kuna lori, kuna mtu wa kutozwa faini.

Alaska pia ina mgodi, na mkubwa, uitwao Red Dog, ambao umechimba zinki tangu mwaka wa 1989. Uko ndani ya mawe hayo hayo meusi. Kijito chake kilijulikana tangu kabla ya mgodi kuwa na madini mengi. Madoa ya kutu kwenye vijito vya pale ndiyo yaliyomfanya rubani mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1960, ashuku kwamba pana mali chini. Kwa hiyo kutu ya asili si jambo jipya kabisa kule, na wanaosema kwamba mito michache imekuwa hivyo siku zote hawasemi uongo. Mgodi huo huyakusanya maji yake machafu nyuma ya bwawa, huyatibu kwa chokaa, kisha katika majira ya joto huyaachilia kijitoni kwa masharti: yakichanganyika na maji ya kijito, chumvi na madini yaliyoyeyuka yasipite kiwango fulani.

Masharti hayo yalifanya kazi kwa miaka mingi. Kufikia mwaka wa 2020 yakaleta kizaazaa. Ardhi iliyoganda juu ya mgodi, mahali ambapo hakuna aliyechimba, ilikuwa inayeyuka, na kijito kilikuwa kikifika mgodini tayari kimebeba chumvi na madini mengi kuliko zamani. Hapakubaki nafasi ya kuongeza kitu. Mgodi ukawa na maji yaliyokwisha kutibiwa ambayo haukuweza kuyaachilia kama kawaida, na bwawa likazidi kujaa, kwa sababu mto ulikuwa umechafuka kabla ya kuufikia.